Ni Nani Anayestahili Kulipiwa Chuo?

Waliohudhuria mjadala wa Chama cha Kiswahili muhula uliopita watakumbuka hoja iliyotutoa povu mdomoni siku ile: "Serikali ifadhili masomo ya chuo kikuu kwa kuangalia alama za mtihani pekee." Waliopendekeza walishinda kwa kura nyingi. Mimi nilikuwa upande wa kupinga, na kengele ililia nikiwa ndiyo kwanza nasafisha koo. Mhariri amenikubalia kurasa hizi niyaseme yale ambayo dakika tatu hazikuyatosha.

Jambo lenyewe haliko mbali nasi. Hapa shuleni tunatoka Kayole, Dandora, Kariobangi, Umoja, Makongeni, Mukuru na kwingineko katika Eastlands hii yetu. Wazazi wetu ni mafundi wa bati pale Kamukunji, wauza mitumba wa Gikomba, makanga, mabawabu, mama mboga, na wachache wenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Matokeo ya mtihani wa KCSE yakitoka, baadhi yetu tutapata gredi ya C+ au zaidi, ambayo ndiyo kiwango cha chini cha kusomea shahada. Siku hiyo mtaa utashangilia, mathe atapiga vigelegele mpaka majirani watoke nje. Halafu usiku baba ataketi kitandani na kuuliza swali moja tu: ni nani atalipa?

Wenzangu waliopendekeza hoja walikuwa na neno zito, nisiwanyime haki yao. Alama hazina kabila wala hazina mjomba ofisini. Karatasi yako inasahihishwa na mtu asiyeijua sura yako wala nguo unazovaa. Ukiziondoa alama, walisema, utaufungua mlango wa kujuana, na kwenye kujuana mtoto wa mchuuzi wa njugu hushindwa kabla hajaanza. Hapo nakubaliana nao mia kwa mia. Alama zisiondolewe. Ugomvi wangu ni na lile neno "pekee".

Kwanza, alama hazijawahi kuamua mambo haya bila kushikwa mkono na kitu kingine. Kabla ya sheria ya mwaka 2012 kuunda idara inayotupangia vyuo, KUCCPS, kazi hiyo ilifanywa na bodi ya pamoja ya vyuo vikuu, iliyojulikana kama JAB. Bodi hiyo ilihesabu vitanda. Naam, vitanda! Idadi ya walioingia vyuo vya umma ilifuata nafasi za kulala mabwenini. Vitanda vikiwa vichache, alama ya kuingilia ilipanda, na mwenye C+ aliachwa nje ijapokuwa cheti chake kilisema amehitimu kuingia. Aliyeachwa akiwa na wazazi wenye chapaa, alikwenda kwenye masomo ya kujilipia, ambayo Chuo Kikuu cha Nairobi kiliyaanzisha mwaka 1998. Asiye na chapaa alirudi mtaani. Sasa niambie, mtu aliyekosa nafasi kwa sababu ya uhaba wa magodoro amepimwa akili, au amepimwa mfuko wa baba yake?

Isitoshe, bodi hiyohiyo iliwakubali wasichana kwa alama iliyo chini kidogo ya ile ya wavulana. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mwaka 1990 kuwaongezea wasichana pointi 1.5. Waliofanya hivyo hawakusema wasichana hawana akili, la hasha! Walikiri kwamba alama moja inaweza kubeba mizigo miwili tofauti. Msichana aliyepata B huku akipika, akifua na kulea wadogo zake amesafiri mbali kuliko aliyepata B hiyohiyo akiwa hana kazi nyingine ila kitabu.

Na si wasichana tu. Nenda Huruma au Mathare saa tatu usiku uone. Chumba ni kimoja. Runinga inanguruma, mtoto mdogo analia, jirani wa upande wa pili wa mabati anagombana na mkewe, na mtahiniwa anajaribu kutafuta kipeo cha pili. Ghafla stima zinapotea. Mwenzake wa bweni, saa hiyo, yuko darasani na mwalimu wa zamu. Wote wawili wataandika mtihani mmoja.

Hebu nirudi nyuma kidogo, tena nitabaki hapahapa kwetu. Mnamo Septemba 1959 wanafunzi 81 waliabiri ndege kutoka Nairobi kwenda kusoma Marekani. Safari ile, na zile zilizofuata, ziliandaliwa na Tom Mboya, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Kamukunji, pamoja na wenzake kama Dkt. Gikonyo Kiano. Wakati ule mwanafunzi Mwafrika aliyetaka shahada bila kuondoka Afrika Mashariki alitazama upande mmoja tu, Makerere, na nafasi zilikuwa haba. Maofisa wa kikoloni walinung'unika kwamba vijana wengi wa ndege zile hawakuwa na sifa za kutosha. Pamoja na manung'uniko hayo, mamia walikwenda, na wengi walirudi kuwa walimu, madaktari, wahadhiri na wakuu wa idara za serikali baada ya uhuru. Mwaka 1960 alikwenda pia Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alitunukiwa Nobel ya Amani. Simtaji kana kwamba alama zake zilikuwa duni, maana alifaulu vizuri sana. Namtaja kwa sababu hata mwenye alama nzuri alihitaji mtu wa kumlipia nauli.

Lakini tusiitukuze safari ile kupita kiasi. Ili kupanda ndege ulihitaji barua ya kukubaliwa na chuo cha Marekani, na jamaa na majirani zako walipaswa kuchangisha pesa. Waliotoka kwenye ukoo mkubwa au kijiji chenye umoja walikuwa na nafasi. Yatima asiye na wa kumchangia alibaki akitazama moshi wa ndege. Kwa hiyo huo nao ulikuwa mchujo, na haukuwa wa alama.

Mimi nasema hivi: alama ziamue nani anaingia chuoni na anasomea nini. Pesa za serikali ziamuliwe na hali ya nyumbani. Ukimpa mwenye A pesa zote, mara nyingi utakuwa umempa yule ambaye wazazi wake walikwisha kumlipia shule ya kibinafsi tangu chekechea, wakamwekea na mwalimu wa jioni. Ni kumpelekea maji mtu anayeishi kando ya mto. Kama serikali inataka kuwatuza wenye akili, na iwatuze, lakini itoe tuzo hiyo kwenye mfuko mwingine. Watanzania wamefanya hivyo. Tangu mwaka 2022 wana Samia Scholarship kwa waliofaulu zaidi masomo ya sayansi Kidato cha Sita, na kando yake ipo bodi yao ya mikopo, ambayo huwatazama zaidi yatima, walemavu na watoto wa kaya maskini zinazosaidiwa na mfuko wa TASAF. Tuzo iko mlango wake, na msaada uko mlango wake.

Jamaa mmoja wa Kidato cha Tatu, baada ya mjadala, aliniambia dawa ni kugawa kwa sehemu: kila kaunti ipewe fungu lake. Wazo hilo lina wazee wake. Uganda, tangu mwaka 2005, katika nafasi zipatazo 4,000 ambazo serikali hulipia kila mwaka, robo tatu huenda kwa wenye alama za juu nchini kote, na sehemu kubwa ya robo inayobaki hugawanywa kwa wilaya. Nafasi 64 ni za walemavu na 40 ni za wanamichezo. Mtoto wa wilaya ya mbali isiyo na maabara hashindani moja kwa moja na mtoto wa Kampala. Kwa mtu wa Turkana au Tana River utaratibu kama huo ungekuwa neema.

Lakini je, sisi? Ukisema "Nairobi", mtu aliye mbali anaona maghorofa ya vioo na barabara za juu kwa juu. Nairobi ikipewa fungu dogo kwa kuwa ni kaunti tajiri, fungu hilo litagombaniwa na mtoto wa Karen na mtoto wa Korogocho, na unajua mwenyewe nani ataondoka nalo. Hata ndani ya Eastlands, kutoka Buruburu hadi Kiambiu ni mwendo wa miguu. Kutoka Komarock hadi Soweto ya Kayole hutatoka jasho. Ramani ya kaunti haioni tofauti hiyo. Mahali anapotoka mtu patazamwe, naam, lakini kwa kipimo kidogo zaidi, kata au hata mtaa, na pasiwe ndipo penye neno la mwisho.

Basi tufike kwenye hali ya nyumbani, ambapo ndipo penye kazi.

Katika miaka ya kwanza ya uhuru serikali ilimlipia mwanafunzi wa chuo kikuu karibu kila kitu. Mwaka 1974 ikaanzisha mikopo. Posho iliyotokana na mikopo hiyo wanafunzi waliibatiza "boom", na wazee waliopitia vyuo enzi hizo wakilisikia jina hilo hadi leo hutabasamu peke yao. Mwaka 1991 kukaja kugawana gharama, na mzazi akaambiwa atie mkono mfukoni. Mwaka 1995 Bunge likaunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB. Kwa miaka mingi baadaye, aliyepangiwa chuo cha umma alidaiwa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, awe mtoto wa waziri au wa mvuta mkokoteni. Utaratibu huo ulikuwa na sifa moja ambayo watu husahau kuitaja: hakuna aliyelazimika kuthibitisha kwamba ni maskini ili alipe kiasi hicho. Ila ulimsaidia tajiri sawasawa na maskini, na serikali nayo ikawa haitoi pesa za kutosha, vyuo vikazama katika madeni.

Mei 2023 Rais William Ruto alitangaza mpango mpya. Gharama ya kozi hugawanywa mara tatu: ufadhili usiolipwa, mkopo unaolipwa, na mchango wa familia. Kila mwanafunzi hujaza fomu kwenye intaneti, kisha hupimwa kwa mambo kadhaa: hali ya wazazi, ukubwa wa familia, shule aliyosoma, gharama za elimu nyumbani, ulemavu, jinsia, kama anatoka sehemu iliyoachwa nyuma, na aina ya kozi. Mwishowe huwekwa katika bendi. Kwa jinsi bendi zilivyoelezwa mwaka 2024, ziko tano. Tuchukue kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka, tarakimu niliyoichagua kwa wepesi wa hesabu tu. Familia yenye mapato yasiyozidi shilingi 5,995 kwa mwezi iko bendi ya kwanza: serikali inafadhili asilimia 70, mkopo ni asilimia 25, familia inatoa asilimia 5, yaani shilingi 10,000. Bendi ya pili hufika mapato ya shilingi 23,670, na familia hutoa asilimia 10, yaani 20,000. Bendi ya tatu hufika 70,000, na familia hutoa asilimia 20, yaani 40,000. Bendi ya nne hufika 120,000, familia ikitoa asilimia 30. Walio juu ya hapo, bendi ya tano, hutoa asilimia 40.

Wazo lenyewe mimi nalipenda. Aliye nacho alipe zaidi, asiye nacho asaidiwe zaidi. Mwalimu wetu wa Hesabu, hata hivyo, ametufundisha kutazama kwenye mipaka, na mipaka ya bendi hizi ina shimo. Chukua majirani wawili wa ploti moja pale Umoja. Wa kwanza anapata 23,600 kwa mwezi, atatoa 20,000 kwa mwaka. Wa pili anapata 24,000, atatoa 40,000. Kwa mwaka mzima huyu wa pili amemzidi mwenzake shilingi 4,800, lakini anatozwa 20,000 zaidi! Kuongezewa mshahara kumemtia hasara. Sasa mlinganishe huyo wa 24,000 na mtu wa 69,000. Wote wako bendi ya tatu, wote watoe 40,000. Kwa wa kwanza hizo ni karibu shilingi 14 katika kila 100 anazopata kwa mwaka. Kwa wa pili hazifiki shilingi 5. Ngazi zikiwa tano tu, walio kwenye ukingo huumia. Dawa yake si ngumu, kwani kompyuta inayojua kuweka watu katika bendi inaweza pia kupandisha mchango pole pole, mapato yakipanda kidogo na mchango upande kidogo, bila mtu kutumbukia.

Hilo ni tatizo la hesabu, nalo hutatuliwa kwa hesabu. Lililo gumu zaidi ni kujua mapato yenyewe. Mwalimu au polisi ana karatasi ya mshahara, huwezi kubishana nayo. Mzazi wa jua kali hana. Muulize mama mboga wa Mutindwa anapata ngapi kwa mwezi. Atakujibu kwa mauzo, maana ndiyo anayoyashika mkononi. Tuseme huuza za 1,500 kwa siku. Mwanawe ataandika kwenye fomu 45,000 kwa mwezi, bendi ya tatu hiyo. Lakini ondoa pesa za kununulia sukuma na nyanya alfajiri, nauli, mifuko ya kufungia na ushuru wa soko. Huenda zikabaki 300 kwa siku, yaani 9,000 kwa mwezi, na hiyo ni bendi ya pili. Mama ni yuleyule na kibanda ni kilekile. Swali likiulizwa vibaya, familia inaadhibiwa kwa kujibu kweli. Nadhani fomu yoyote ya haki ingeuliza mambo mawili kwa mistari miwili, mauzo na faida, na ingeeleza tofauti yake kwa Kiswahili chepesi.

Wako wanaosema tutazame M-Pesa. Nao wana hoja, maana simu haisahau. Lakini mathe akiwa mweka hazina wa chama cha akina mama, simu yake itaonyesha malaki ambayo hajawahi kuyala hata senti.

Au tutazame nyumba? Hapa kwetu nyumba ni mdanganyifu mkubwa. Pale Pipeline na Kayole maghorofa ni ya mawe, yana ngazi na lango la chuma. Mtu wa mbali akiona picha atasema hawa wamejiweza. Ndani ni keja ya chumba kimoja, watu sita, choo cha pamoja mwisho wa ukumbi, maji kwa zamu. Wakati huohuo kuna mtu mashambani mwenye nyumba ya udongo na ekari kumi za majani chai. Na kinyume chake pia kipo: baba wa Mukuru anayehesabiwa kuwa na shamba kwa sababu jina la babu liko kwenye hati, ilhali shamba hilo liligawanywa kati ya ndugu wanane na halitoi hata gunia.

Shule uliyosoma? Hapo pia pana mtego. Nilisoma darasa la nane na mvulana mmoja wa mtaa wetu aliyepata mhisani, akaenda shule kubwa ya bweni. Kwenye karatasi anafanana na mtoto wa mwenye kampuni. Nyumbani hakuna kilichobadilika. Kinachopaswa kutazamwa ni nani aliyelipa karo, wala si ukubwa wa lango la shule. Shule ya Starehe, si mbali na Gikomba, ilianzishwa mwaka 1959 na Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu ili kuwaokoa watoto wasio na makao. Tangu kale imewachanganya wanaolipa na wasiolipa, wote wakivaa sare moja. Ukiniambia fulani alisoma Starehe, bado sijui lolote kuhusu mfuko wa baba yake.

Halafu kuna karatasi. Yatima anapaswa kuonyesha cheti cha kifo. Lakini ni familia ngapi humzika baba shambani kwa kibali cha mazishi, zikarudi mjini, na cheti kikabaki bila kufuatwa? Mwingine baba yake hajafa, aliondoka tu. Fomu ikitaka nambari ya kitambulisho cha baba, msichana huyo aandike nini? Baba huyo huenda ana mshahara mkubwa Mombasa, na kompyuta itamhesabu kuwa mlezi ilhali hajatuma hata kalamu. Ni lazima pawe na nafasi kwenye fomu ya kusema "huyu yupo, lakini hatulei," na pawe na mtu wa kulithibitisha neno hilo.

Mtu huyo ni nani? Desturi ni chifu au naibu wake. Mashambani chifu huwajua watu mpaka majina ya mbuzi wao. Hapa mjini mpangaji huhama kila kodi ikipanda, na chifu wa eneo la maelfu ya watu atakujulia wapi? Atagonga mhuri kwa kuwa umekuja na barua. Mimi ningemsogeza karibu mwalimu wa darasa na daftari la karo la shule. Daftari hilo linajua mengi. Linajua nani alilipa kwa mkupuo mmoja na nani alileta mia mbili mia mbili, nani alirudishwa nyumbani mara ngapi, nani alilipiwa na basari ya mfuko wa eneo bunge. Zaidi ya hayo, limeandikwa tangu Kidato cha Kwanza, kabla ya yeyote kujua kwamba siku moja litakuwa ushahidi. Ni vigumu kuigiza umaskini kwa miaka minne mfululizo.

Ila siri itunzwe. Nimewahi kuona, katika shule ambayo sitaitaja, majina ya waliopewa basari yakisomwa gwarideni, na wenyewe wakiinamisha vichwa huku wengine wakicheka chini chini. Msichana mmoja alikataa kujaza fomu mwaka uliofuata. Alikuwa mhitaji kuliko wengi waliojaza.

Jambo ambalo nalipa uzito kuliko mengine yote ni rufaa. Kipimo chochote kitakosea baadhi ya watu, kwa sababu maisha ya hapa hayatulii. Aprili na Mei 2024 mafuriko yalizikumba Mathare na Mukuru, kisha nyumba zilizokuwa kando ya mito zikabomolewa. Familia iliyojaza fomu ikiwa na kibanda cha biashara mwezi Machi haikuwa nacho mwezi Juni. Gikomba nako moto huja bila kubisha hodi. Mwaka huo wa 2024 wanafunzi wengi walilalamika kwamba wamewekwa bendi isiyo yao, hata wakatishia mgomo. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mpango huo wa ufadhili ulikiuka Katiba, ikataja ubaguzi na kutoshirikishwa kwa wananchi ipasavyo. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo wakati kesi ikiendelea. Wakubwa wa sheria watabishana, ndiyo kazi yao. Ninachojua mimi ni kwamba mwanafunzi hawezi kungoja. Siku ya kuripoti chuoni ikipita, nafasi yake iko hatarini. Rufaa inayojibiwa baada ya muhula kuanza ni sawa na kumletea mgonjwa dawa matangani. Ijibiwe kabla ya siku ya kuripoti, na ikichelewa, mwanafunzi apokewe na deni lingoje.

Najua mtaniuliza: kwani watu hawatadanganya? Watadanganya. Yuko atakayemkana baba mwenye lori tatu. Lakini wadanganyifu wapo hata penye alama pekee, ndiyo maana kila mwaka twasikia habari za mitihani iliyoibwa. Serikali ikiwatembelea nyumbani wachache tu waliochaguliwa kwa kura, bila taarifa, na atakayepatikana amedanganya akageuziwa ufadhili wake wote kuwa mkopo, wengi wataandika kweli. Hakuna haja ya kumfukuza chuoni, maana kosa mara nyingi ni la mzazi.

Kwa wenzangu wa Kidato cha Nne, msingoje matokeo. Tafuteni cheti cha kuzaliwa sasa, na nakala za vitambulisho vya wazazi. Aliyefiwa na mzazi aanze kufuata cheti cha kifo likizo hii. Aliyelipiwa na mhisani aombe barua inayosema hivyo, yenye mhuri na tarehe. Kaeni na mzazi mwandike mauzo na faida ya mwezi mmoja kwenye daftari, hata kama ni daftari la kurasa 32. Mwalimu mlezi wa chama amekubali kuwasaidia wasiojua pa kuanzia. Apatikana ofisini Jumanne na Alhamisi baada ya chakula cha mchana.